Papa Pentre na Gari Lisilo na Alama

Asubuhi ile niliamka Naviundu, pembezoni mwa Lubumbashi, nikanawa uso, nikatia shati la pili mfukoni na kufunga mlango. Sikuwa na safari. Kwangu hilo si jambo geni. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuondoka. Nimepakia magunia ya mahindi, nimelala juu ya mizigo ya shaba katika foleni ya malori ya mpakani Kasumbalesa, nimechimba visima vya watu nisiowajua majina. Hakuna njaa inayonifukuza wala ugomvi. Nataka tu kujua kuna nini baada ya kona. Dada yangu husema nilizaliwa na kokoto kiatuni.

Nilivuka daraja la mto, nikasimama barabarani. Upande mmoja kulikuwa na njia ya kwenda mpakani, upande wa pili njia ya Likasi. Kabla sijachagua, miguu ilikuwa imeshanielekeza mtaa wa Kenya, kwa mtu ambaye siwezi kutoka Lubumbashi bila kumuaga. Kila akiniona na mfuko huniambia neno lile lile:

"Weye wa njia, unaenda tena kutafuta kitu chenye hukupoteza?"

Mtaani wanamwita Papa Pentre, yaani mpaka rangi. Alifanya kazi reli, na kazi yake maisha yote ilikuwa kuandika namba kwenye mabehewa. Aliandika kwa mkono, bila kibao cha kukatia herufi. Wanasema behewa likipita kwa kasi ungeweza kujua kama namba ni yake, kwa sababu saba zake zilisimama wima kama askari wa zamu. Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi sijawahi kumuuliza. Najua tu kwamba watu wake walitoka kaskazini wakifuata reli, kama nusu ya watu wa parokia yake.

Tangu alipostaafu anatengeneza magari madogo ya kijeshi. Si ya kuchezea watoto, ingawa watoto husimama nje ya ua wake wakimeza mate. Ni magari ya chuma ya kivita, yale ambayo mjini kwetu huitwa blende, pamoja na malori na jipu za majeshi ya kigeni yaliyowahi kukanyaga ardhi ya Katanga. Yapo ya Waswidi, Waairishi, Wahindi na Waethiopia. Wamoroko wana rafu yao. Kila gari lina alama zake: nyota, ngao ndogo ubavuni, namba ya kikosi, herufi nyeupe zisizozidi ukubwa wa punje ya mchele. Ukimwambia ni mazuri atakushukuru. Ukimwambia yanafanana na ya kweli, atakuuliza uliyaona wapi, na hapo ndipo utakapojua kuwa umekaa mbele ya hakimu.

Bati lake ni la makopo ya maziwa ya unga. La nyanya halitaki. "Ya nyanya inaoza mbiyo," husema, "njo kama muntu mwenye kusifu sana." Mizinga ni mirija ya kalamu, antena ni waya wa shaba, na hapa kwetu shaba haikosekani hata kwenye takataka. Matairi huyachonga kwenye soli za ndala, kashata kwa kashata, hata ukiyapitisha kwenye vumbi yanaacha nyayo. Kipimo chake ni kijiti cha kiberiti.

"Muntu wangu ni kijiti ya kiberiti," alinieleza nilipomzoea. "Ukijua muntu, unajua byote. Uniambie tu, ile motokari ilimufika papa yako wapi? Mu kifua ao mu kichwa?"

Ndivyo alivyovipima vyombo ambavyo picha zake hana. Mzee mmoja alimwambia mlango wa lori la Wahindi ulikuwa usawa wa kiuno cha mke wake. Papa Pentre akaomba kwa heshima mama huyo asimame, akamtazama, akaenda kukata bati.

Lakini alama hazipaki hivi hivi. Hapo ana sheria, na sheria hiyo imemgombanisha na watu wengi. Gari linaweza kukaa rafuni bila alama mwaka baada ya mwaka, hadi wapatikane mashahidi wawili waliokiona kitu hicho kwa macho yao. Tena mashahidi hao wawe hawajakula chungu kimoja.

"Bantu ba nyungu moja banakulaka na habari moja," husema. Mume na mke ni shahidi mmoja. Ndugu wawili ni shahidi mmoja. Mapacha, aliwahi kuniambia kwa uso mkavu, ni nusu shahidi.

Nilidhani ni ukaidi wa mzee hadi aliponionyesha gari lililokaa peke yake kwenye dirisha la sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria. Lilikuwa blende jeupe la magurudumu manne, na ubavu wake ulikuwa mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Matairi yake ndiyo mazuri kuliko yote aliyowahi kuyachonga. Nikamuuliza la nani.

Miaka ile baada ya uhuru, wakati watu wenye kofia za buluu, walinda amani wa kigeni, walipopigana mjini na askari wa Katanga, Papa Pentre alikuwa mtoto mdogo, na kaka yake, ambaye sote tulimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, alikuwa amefikia umri wa kutumwa. Mvua zilikuwa zimeanza. Yaya alitumwa bombani kuchota maji, na kwenye kona mbele ya nyumba yao kitu kikamchana paja akaanguka. Risasi au kipande cha bati, hakuna aliyejua. Likaja blende jeupe, likasimama. Mlango ukafunguka, mikono ikamnyanyua, likaondoka. Mama yao alimlilia kama maiti. Baadaye alimkuta hospitalini, paja limefungwa vizuri, anakula biskuti. Hakuna aliyeweza kumwambia ni nani waliomleta.

Mama yule aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila siku fungu moja la rozari yake lilikuwa la wale watu. Hakuwa na jina la kuwaita, kwa hiyo aliwaita "benye motokari." Alipokuwa karibu kufa alimwambia mwanawe mdogo: "Weye mwenye kuandika, siku moja ubaambie aksanti."

Ndiyo maana ya gari lile. Papa Pentre amelitengeneza alipeleke kwa maaskari wazee wa nchi ile, popote ilipo, kama shukrani. Tatizo ni kwamba hajui ni nchi gani. Mama alisema aliona uso mlangoni mwa gari, mwekundu kama nyanya, kwa hiyo walikuwa Waswidi. Yaya alisema mikono iliyombeba ilikuwa myeusi kama yake, kwa hiyo walikuwa Waethiopia. Na yeye mwenyewe?

"Miye nilikuwa chini ya kitanda," alisema. "Mulango ilikuwa na nafasi chini. Niliona mapine tu."

Nikaelewa kwa nini matairi yale ni mazuri vile.

"Si ungechagua moja tu?" nikamwuliza. "Waliomwokoa kaka yako wanajijua."

Aliniangalia kama mtu aliyeona herufi imepinda. "Alama ya kudanganya ni sawa kupeleka aksanti ku mulango ya muntu mwingine. Ule atakamata, atafurahi. Mwenye alisaidia atakufa bila kusikia. Sasa umeshukuru nani?"

Basi alitafuta mashahidi. Na mashahidi wa mambo yale ni wazee, na wazee wa mji huu utawapata wapi wamekaa pamoja mchana kutwa, hawana haraka, wanataka mtu wa kuzungumza naye? Kwenye kilio. Turubai likifungwa mahali popote kuanzia mtaa wa Kenya hadi mtaa wa Katuba, Papa Pentre alivaa koti lake jeusi, akatia gari kwenye mfuko, akaenda. Aliwalilia watu asiowajua. Majirani walisema ukimwona mlangoni kwako, mwulize kwanza nani amekufa.

Kilio kimoja kilimfunza. Marehemu alikuwa mwoka mikate. Papa Pentre alifika mapema, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa salamu, aliliweka blende lake kwenye meza ndogo kando ya picha ya marehemu. Waliofika baadaye wakaona picha, mishumaa na gari la vita. Mzee mmoja aliposimama kutoa ushuhuda, akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa askari hodari. Wa pili akaongeza kwamba aliwahi kumwona juu ya gari kama lile lile, amesimama, hana woga. Wa tatu alikuwa ameshaanza kulia. Mjane akainua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Bapapa, bwana yangu alikuwaka mupika mikate. Ni vita gani?"

Papa Pentre akaondoka kitini, akalichukua gari lake taratibu, akasema, "Mama, na kuamuka saa ya jogoo kila siku ni vita." Mjane alicheka kwanza, ndipo wengine wakapata ruhusa.

Tangu siku hiyo halionyeshi gari kabla ya kuuliza. "Bantu hawadanganye," aliniambia. "Banaona kitu mbele yabo, na roho inakumbuka sawa kile kitu." Kwanza swali, tena kando, mmoja mmoja. Gari hutoka mfukoni mwisho.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu wa huzuni. Ana majivuno ya kuchekesha. Hawezi kupita chini ya kibao kilichoandikwa vibaya. Kuna baa moja karibu na soko ambayo S yake ilikuwa imelala chali. Siku moja mwenye baa alitoka nje akamkuta mzee wa watu juu ya ngazi ya jirani, brashi mdomoni.

"Papa, nani alikuita?"

"Hii herufi njo iliniita. Iko nateseka tangu Pasaka."

Mwenye baa alimpa soda. Aliikataa hadi alipomaliza, kisha akaomba mbili, moja ya mkewe.

Mkewe ni mwanamke mwenye sauti ya kanisani na ulimi wa sokoni. Ukifika unamsikia kabla hujabisha hodi. "Niliolewaka na shemedefere," huwaambia wageni, akiwa na maana ya reli, "nikazeekea mu garaji." Hulalamika kwamba amekalia bunduki mara nyingi kuliko jenerali. Lakini nimemwona akipangusa rafu zile, na hapangusi vile mtu anavyopangusa sahani. Huinua kila gari kwa mikono miwili.

Na huyu mtu wa vita anachukia vita. Siku za mwaka mpya vijana wanapolipua fataki, hakai nyumbani. Huenda kanisani mapema na kukaa benchi la katikati, mbali na madirisha, hadi mtaa utulie. Bunduki za magari yake yote zimezibwa. Akimaliza mzinga, hudondosha tone la risasi ya kulehemu kwenye mdomo wake, na ukichungulia huoni tundu. Nilimwuliza mbona ni mwaminifu kwa kila msumari lakini hapo anadanganya.

"Hapo sidanganye," alisema. "Hapo naomba."

Vijana wa mtaa humtania kuwa yeye ni wakala wa nje, maana hana hata gari moja la jeshi letu. "Papa Pentre, na ya kwetu?"

"Ya kwetu munaiona kila siku, mutaikumbuka hata hamutaki. Mugeni anapita. Kama alifanya mubaya, anapita nayo. Kama alifanya muzuri, anapita nayo. Miye nashika kwa mukia."

Wapo wazee ambao hawakupenda. Mmoja wao nyumba yake ilipigwa mzinga miaka ile, na mbele yangu alimwambia Papa Pentre kwamba watu weupe wale waliua, na yeye anawapaka rangi nzuri. Papa Pentre hakubishana. Alimpa kiti, akamwuliza gari lililopiga lilikuwaje. Mzee akaeleza kwa hasira, kisha kwa makini, na mwisho alikuwa ameshika kijiti cha kiberiti akionyesha urefu. Gari hilo nalo liko rafuni, na alama zake. Papa Pentre anasema ukiweka shukrani bila kuweka deni la damu kando yake, umeandika nusu ya namba, na behewa lenye nusu ya namba hupotea.

Jambo lililomchoma kuliko yote lilitoka ndani ya nyumba yake. Yaya alikuwa mfanyakazi wa mgodi, mkubwa wa mwili, mcheshi, mwenye kovu pajani alilopenda kuwaonyesha wajukuu. Alipoanza kuugua alihamia kwa mdogo wake. Jumapili moja nilikuwa nimewaletea gunia la makaa, nikakaa kunywa chai. Yaya alikuwa kwenye kiti kirefu mbele ya dirisha, ana blanketi, anaangalia blende jeupe.

"Leki," akasema, akimwita hivyo mdogo wake, "niandikie Baetiopia."

Papa Pentre akaendelea kukoroga chai yake.

"Nasema na weye. Ile mikono ilinibeba ilikuwa myeusi sawa yangu. Ule muntu alinisemesha luga yake, sikuisikia, lakini alinipangusa uso na kitambaa yake. Uniandikie, niione, niende muzuri."

"Yaya, Mama aliona sura."

"Mama alikuwa nalia. Miye njo nilibebwa. Weye ulikuwa chini ya kitanda."

Mkewe Papa Pentre alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akimwangalia mumewe. Hata mimi nilimwangalia. Kulikuwa na brashi mezani na rangi ilikuwa hapo hapo. Ingemchukua muda mfupi kuliko ule wa chai kupoa.

"Ni kweli, Yaya," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo. "Lakini weye na Mama na miye tulikula nyungu moja. Nikikuandikia weye, nitakuwa nasema Mama alidanganya. Naomba unipe shahidi mumoja wa inje. Mumoja tu."

Yaya aligeuza uso dirishani. "Basi nikufe," akasema. "Utamutafuta ku kilio yangu."

Nilijua mtu mwenye moyo laini angeandika. Nilijua pia kwamba Papa Pentre ana moyo laini. Siku zilizofuata alimwogesha kaka yake, alimkata kucha, alimsomea Injili. Ubavu wa gari ukabaki mtupu.

Yaya alikufa mvua zilipoanza.

Kilio kilikuwa kikubwa. Walikuja watu wa mgodi na watu wa reli, wengine kutoka Likasi, na wanawake wazee wa mtaa wa Kenya ambao sikuwahi kuwaona nje ya milango yao. Papa Pentre alikaa kwenye nafasi ya mfiwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mfuko. Gari lilikuwa ndani, dirishani. Lakini baada ya maziko, watu walipokuwa wanakula, nilimwona akihama kiti hadi kiti. Alikuwa anauliza. Yaya alikuwa amemtuma, na yeye alikuwa anatii.

Mwanamke mmoja, ambaye nyumba ya wazazi wake ilitazamana na bomba lile, alikumbuka mtoto aliyeanguka. Papa Pentre akamwuliza: alama ilikuwaje?

"Alama gani, Papa? Ile motokari ilijaa matope mupaka mu kichwa. Si ilikuwa mvua? Nilijua ni nyeupe sababu ya paa tu."

Akamshukuru, akaenda upande wa pili wa turubai, kwa dereva mstaafu wa treni aliyetoka Likasi. Mzee huyo hakumjua mwanamke yule wala hakumsikia. Siku ile, alisema, alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa shule akisubiri kuvuka.

"Ilipita karibu yangu. Nyekundu yote ya matope, sawa ilitoka mu furu ya matofali. Alama? Hata shetani hangeisoma."

Papa Pentre alikaa chini. Niliogopa ameumia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanashuka. Mashahidi wawili, vyungu viwili, neno moja. Baada ya miaka yote hiyo sheria yake ilikuwa imempa alama ya kupaka, na alama hiyo ilikuwa tope.

Yote hayo niliyakumbuka asubuhi ile nikitembea na mfuko wangu, nikaingia uani kwake. Mkewe alikuwa anaanika nguo. "Garde, kuna mugeni," alimwita mumewe kwa utani, kama mlinzi wa treni. Papa Pentre alikuwa kibarazani. Macho yake yamekuwa na ukungu tangu mwaka jana, na alinitambua kwa mwendo.

"Weye wa njia. Unaenda kutafuta kitu chenye hukupoteza?"

"Ndiyo, Papa."

"Wapi?"

"Sijui bado."

"Muzuri. Kaa."

Akaingia ndani, akarudi na blende. Sikulitambua mara moja. Lilikuwa limezama katika tope jekundu kutoka magurudumu hadi juu, limekauka na kupasuka vizuri kama tope la kweli, na paa tu ndilo jeupe. Lilikuwa tope la kweli. Alikuwa ameuchukua udongo kwenye kona ile ile, akauchekecha kwa kitambaa cha mkewe na kuuchanganya na gundi ya mbao.

Nikaligeuza. Nilipitisha kidole ubavuni, na chini ya udongo nikahisi kitu kimeinuka kidogo, kama rangi iliyopakwa mara mbili.

"Kuna maandishi chini," nikasema.

"Iko."

"Ya Yaya ao ya Mama?"

"Ah, weye. Mudomo yako haijuake kungoja." Akakaa. "Ilikuwa alama yangu ya mwisho. Sasa macho inabakia ya kuona mulango tu. Nilisema, motokari bila alama ni sawa kaburi bila musalaba. Nikaandika moja. Halafu nikafunika, sababu shahidi niko naye mumoja: wa nyungu yetu. Anakosa wa pili."

Akanisukumia gari magotini.

"Bantu ba Kenya nilishamaliza kubauliza. Miguu yangu haifike tena. Yako haina kazi. Enda nayo. Fasi yote unafika, ukikuta muzee mwenye aliiona bila matope, umuulize. Mbele umuulize, nyuma umuonyeshe. Akisema, kwangua. Kama inapatana, unipigie, tutaituma kwa benyewe."

"Na kama haipatane?"

"Unafunika tena. Udongo haikosake."

Nikamwambia mimi ni mtu wa kupoteza vitu. Mkewe akajibu kutoka kwenye kamba ya nguo kwamba hata yeye alimwambia hivyo, na mzee akasema mtu asiye na nyumba hana pa kusahau kitu. Walinifungia gari kwenye shati langu la pili. Papa Pentre alinishika mkono kwa muda mrefu, na vidole vyake vilikuwa vinapima kiganja changu, nadhani bila yeye kujua.

Barabarani lori la bia lilisimama. Dereva alikuwa anaelekea kaskazini, hadi Kamina, nikapanda kwa sababu ndilo lililosimama. Njia ilikuwa mbaya na tulilala njiani zaidi ya mara moja. Nilikaa juu ya makasha, gari la Papa Pentre magotini, na kwenye ubao karibu na mkono wangu kulikuwa na msumari uliolegea. Maisha yangu yote sijaona kifuniko nisichokifunua. Nilifungua redio za watu, nilifungua saa, nikiwa mdogo nilifungua hata tumbo la mwanasesere wa dada yangu. Niliuchomoa ule msumari. Ncha yake niliigusisha kwenye ufa wa tope, na kipande kidogo kama ganda la ufuta kikaanza kuinuka. Nikamwona Yaya ameangalia dirishani, na brashi mezani, na mzee anayekoroga chai. Nikautupa msumari barabarani, kisha nikalowesha kidole kwa mate na kukibandika kile kipande mahali pake.

Kamina nilikuwa sijawahi kufika. Ni mji wa reli, wenye barabara pana na miti, na nje yake kuna kambi kubwa ambayo, dereva aliniambia tukishuka, wageni wa kofia za buluu waliishi miaka ile. Hakujua nimebeba nini. Niliuliza chumba, nikaelekezwa nyumba ya matofali nyuma ya stesheni. Mama mwenye nyumba alinionyesha kitanda, ndoo na taa, akasimama mlangoni kama wenye nyumba wote wanavyosimama.

"Na kazi gani inakuleta huku, Papa?"

Swali hilo nimeulizwa kila mji, na kila mji nimejibu kwamba natembea tu. Nikaanza kusema hivyo. Kisha nikaona, uani nyuma yake, mzee sana kwenye kiti cha plastiki, kofia ya reli kichwani, jua miguuni.

"Ule ni nani?"

"Papa mukwe. Iko hapa tangu zamani. Hatembee tena, anapenda tu kusema."

Nililiacha gari kitandani, limefungwa ndani ya shati, nikatoka mikono mitupu. Nilimsalimu mzee kwa mikono miwili, nikaketi chini karibu naye.

"Papa," nikasema, "nimetumwa kukuuliza kitu."

Akavua kofia, akaiweka gotini. "Uliza," akasema. "Niko na siku yote."